Manyunyu wa Mwezi wa Tisa

Kiswahili cha vitabu kina neno nondo. Kwetu Bunia wote ni vipepeo tu, vya mchana na vya usiku, na mtu anayekusanya vile vya usiku huulizwa kama anavila. Sivili. Mimi ni mwalimu wa biolojia, na kwa miaka saba niliwaandika nondo wa bustani yangu ya mtaa wa Lumumba kila asubuhi, bila kuruka hata siku moja. Nasema saba kwa sababu wa nane uliharibiwa, na aliyeuharibu yuko jikoni ananiandalia chai ninapoandika haya.

Mtego wenyewe si kitu cha kujivunia. Ni bidoni nyeupe, dumu la maji, niliyoikata shingo, nikaigeuza shingo hiyo kichwa chini ndani ya tumbo lake, na juu nikafunga balbu inayotumia betri ya sola. Ndani nimepanga trei za mayai, zile za karatasi ngumu. Nondo huifuata taa, huteleza ndani, hujibanza kwenye vishimo vya trei na kutulia humo. Saa kumi na mbili asubuhi unawatoa mmoja mmoja, unawahesabu, unawaachia chini ya migomba kabla kuku hawajafunguliwa. Hakuna anayeuawa.

Sikuwa na kitabu cha majina yao, basi niliwabatiza mwenyewe. Padri ana kola nyeupe shingoni. Muuza Makala ni mweusi na hukuachia masizi kidoleni. Manyunyu ni mdogo, wa kijivu, ana madoa kama vumbi la barabarani lililoangukiwa na matone ya kwanza. Jina hilo lilinichekesha kwa sababu yeye huja kiangazi tu, mwezi wa kumi na mbili hadi wa pili, wakati watu wanaitafuta mvua kwa tochi. Ulikuwa utani wangu kwa hali ya hewa.

Mume wangu ndiye aliyekuwa karani. Mwandiko wangu ni wa kuku; wake alifundishwa na watawa kule kwao Mahagi-Port, na hata akiandika orodha ya sokoni unatamani kuitundika ukutani. Mimi nilitaja, yeye akaandika, amekaa kwenye kiti cha plastiki, daftari pajani, mgongo umenielekea kidogo. Nilidhani anatafuta mwanga. Sheria yetu ilikuwa moja: usichokiona usikiandike, na usipoona kitu andika zero, maana zero nayo ni habari. Alizoea kuwaambia wageni kwamba mimi nimeolewa na wadudu, yeye ni shahidi wa ndoa tu. Nilicheka pamoja nao. Niliamini kwamba asubuhi zile zilikuwa zetu wawili.

Mwaka ule wa nane, mwezi wa nane, mama yangu aliugua. Alikuwa anakaa Komanda kwa kaka yangu. Sisi watu wa Butembo tulipoihama Kivu tuliachana njiani, kila mmoja akabaki pale biashara ilipomshika. Nilienda na nguo za siku tatu, nikakaa wiki sita. Kabla ya kuondoka nilimwomba mume wangu jambo moja tu. Sikumwomba anikumbuke, wala sikumwomba aangalie nyumba. Nilimwomba awashe taa jioni na aandike asubuhi. Akasema nisiwe na wasiwasi.

Alinipigia simu kila siku. Mama alikuwa ameshindwa kula, lakini masikio yake yalikuwa mazima, kwa hiyo niliiweka simu karibu na mto wake, na mume wangu akatusomea idadi na kutueleza yule aliyekuwa mkubwa kuliko wote. Mama, ambaye maisha yake yote aliwafagia wadudu hao nje bila kuwatazama, akaanza kuwangoja. Akiamka aliuliza kwanza habari za Padri, ndipo aulize dawa. Siku moja mume wangu alisema amepata mmoja ambaye hatujawahi kumwona, mpana kama kiganja, wa kijani cha majani machanga, mwenye mikia miwili mirefu. Mama alicheka mpaka akakohoa.

"Huyo mumuandike mbele ya bengine bote," aliniambia.

Siku tatu baadaye alifariki. Sikumsikia akicheka tena.

Nilirudi Bunia baada ya matanga. Majirani walipomaliza kuja kunipa pole, nilichukua daftari kumtafuta yule wa kijani. Kurasa zilikuwa safi: tarehe, hali ya hewa, majina, idadi, mwandiko ule ule. Nilisoma kwa raha, raha ya kwanza tangu mazishi, mpaka nilipoingia mwezi wa tisa. Manyunyu, wanne. Kesho yake, mvua kubwa: Manyunyu, tisa. Nikarudi nyuma na kidole. Kila palipoandikwa mvua, Manyunyu yupo. Palipoandikwa jua, hayupo.

Mtu aliyeliandika jina hilo kila kiangazi kwa miaka saba hakujua ni la nani. Alidhani Manyunyu huja na manyunyu.

Nikaenda bustanini. Kwenye mdomo wa bidoni nyigu alikuwa amejenga nyumba ya udongo; ilikwishakauka, na watoto wake walikwishaitoboa wakaruka. Trei zilikuwa na vumbi tu, hakuna unga mpya wa bawa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi hata sikuliwa, nililishwa, kila asubuhi kwa kijiko, na mama yangu akalishwa pamoja nami.

Kama angekuwa ametafuta mwanamke, ningejua la kufanya. Wakubwa wa pande zote mbili wangeitwa, viti vingeazimwa kwa jirani, kila mtu angesema lake mpaka jua lizame. Sasa ningewaita niwaambie nini? Kwamba mume wangu amebuni vipepeo?

Aliporudi kutoka kazini nilimuuliza aliwasha taa siku ngapi. Akasema nne. Hakubisha, na hilo liliniudhi zaidi, maana nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Alinieleza kwamba tangu utoto anauogopa unga wa mabawa yao. Bibi yake alimwambia unapofusha macho. Ndiyo sababu miaka yote ile alikaa amegeuka. Alikuja bustanini kwa ajili yangu, si kwa ajili yao, na nilipoondoka mkono wake ulikataa kuingia ndani ya bidoni.

"Ungeandika zero, baba ya batoto," nilimwambia. "Zero haiue mutu."

"Weye ulikuwa na mugonjwa kule. Ningekuambia zero kila asubui?"

"Na ile ya kijani?"

Alitazama mikono yake. "Ile siku nilisikia mama mukwe anapumua vibaya mu telefone. Nikatafuta kitu ya kumufurahisha."

Nilitaka aseme ni uvivu. Mvivu unaweza kumfokea, ukamaliza, ukapika. Huyu alichukua mahali pekee katika nyumba yangu ambapo hatukudanganyana, akapajaza huruma yake. Mimi niliyemshika mama mkono akicheka nilikuwa nimeushika uongo pamoja naye, na hakuna aliyeniuliza kama nautaka. Watu wananiambia alifanya kwa upendo. Najua. Alinisaliti kwa upendo, na sijui hasira ya namna hiyo inawekwa wapi.

Jumamosi nilichukua rula na kalamu nyekundu, nikaanza kufuta. Manyunyu wote wakaondoka, wakafuata Padri na Muuza Makala, mstari baada ya mstari, mpaka nikafika kwa yule wa kijani. Hapo mkono ulisita. Kati ya wote ndiye niliyemtaka abaki, na ndiye ambaye hakuwako kuliko wote.

Nikamwita mume wangu, nikampa rula. Akauliza kama huyo mmoja hatuwezi kumwacha, kwa ajili ya mama. Nikamwambia amfute, kisha aandike pembeni kilichotokea kweli siku ile. Akapiga mstari. Nilidhani ataandika kwamba hakuwasha taa. Aliandika neno moja tu, Sikuangalia, kwa mwandiko wake mzuri.