Nilivyobeba Maji ya Ziwa Hadi Mombasa

Niliondoka Naivasha kwa sababu samaki walikuwa wamenigomea. Mnaonijua mnajua kazi yangu: naendesha boti ya hoteli, nawapeleka wageni kuvua besi, yule samaki wa mdomo mpana anayekamatwa kwa chambo bandia. Miaka yote chambo changu kilikuwa kimoja, cheupe cha kung'aa, na kilinitosha. Kisha ziwa likafura, likameza miti ya ufuoni, maji yakachafuka, na wageni wakaanza kurudi mikono mitupu. Mwenye hoteli alivumilia mpaka akachoka. Akaniambia wageni wa Jumamosi wakikosa tena, boti itakuwa ya kuonyeshea viboko, na mtu wa viboko anaye tayari.

Mgeni mmoja alikuwa ameniachia namba ya Athmani, fundi wa Mombasa anayedarizi nguo kwa cherehani na kutengeneza chambo kwa nyuzi hizo hizo. Nilimpigia. Akaniuliza maji yangu yana rangi gani, nikamjibu ni machafu tu.

"Uchafu si rangi, ndugu yangu," akasema. "Ndoo nayo huku Mombasa niyaone."

Basi nikachota mtungi mmoja pale gatini, nikaufunga vizuri, nikashika njia.

Stesheni ya Nairobi, askari wa ukaguzi aliuzunguka mtungi wangu mara mbili. Nikamweleza ni maji ya ziwa, nampelekea fundi wa nguo. Alinitazama kama mtu aliyekosa usingizi, akaniambia, "Kama ni maji, kunywa." Nilikunywa. Abiria waliokuwa nyuma yangu walicheka, na mimi nilikaa safari nzima nikilisikiliza tumbo.

Alasiri nikafika Mji wa Kale, shati limenigandia mgongoni. Athmani alinipokea mlangoni, mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyoshuka puani. Mama yake, Bi Mwanaisha, alikuwa ameketi barazani.

"Masalkheri, Mama."

"Alkheri, mwanangu. Karibu. Umekuja kwa kheri?"

"Kwa kheri. Nimekuja kwa habari za samaki."

"Samaki watangoja. Ingia ukoge, kisha ule."

Nikauacha mtungi kando ya mlango, nikaenda kuoga. Niliporudi, wali wa nazi ulikuwa umeshaandaliwa, na mtungi wangu unang'aa kwa nje. Nikaufungua. Ndani mlikuwa na maji safi kabisa.

"Maji yale yalikuwa yanuka, mwanangu," Bi Mwanaisha akasema kwa upole. "Nimeyamwaga, nimekutilia matamu ya mkokoteni. Mgeni wetu hanywi maji ya ndiani."

Nyumba ile kisima chake ni cha chumvi, na maji matamu hununuliwa kwa mtungi kwa wauzaji wa mikokoteni. Alikuwa amenipa ya kunywa kwake. Niliumia, siwezi kuficha: nimesafiri na yale maji kama mtoto mchanga, nimeyanywa mbele ya watu, na sasa yako mferejini. Athmani alinikazia macho juu ya miwani. Nikaelewa nisimvunje mama yake moyo. Nikajimiminia gilasi nikanywa yote, nikamwambia Bi Mwanaisha ahsante. Naye alifurahi sana, akanipakulia tena.

Asubuhi, njiani kwenda dukani, nilimwambia Athmani nirudi zangu tu. Akasema yaliyomwagika hayazoleki, lakini hutengenezwa mengine. Akanipitisha mtaa wa Majengo, ambako mama mmoja alikuwa anakandika ukuta wake, nikamwomba udongo kidogo.

"Mkeo yuna mimba?" akaniuliza.

Nikamjibu ni wa samaki. Alinihurumia, akanijazia mfuko.

Duka la Athmani ni kijichumba nyuma ya maduka ya kanga ya Biashara Street. Alitia maji kwenye jagi la kioo, mimi nikakoroga udongo mpaka yakafanana na chai yenye maziwa mengi.

"Maji yako ndiyo haya?"

Nikasema ndiyo. Kisha nikasita. Ndiyo, kule mto unakoingilia. Lakini kwenye mafunjo, majani yanakooza, maji ni kama chai ya mkandaa, isiyo na tone la maziwa. Na katikati ya ziwa, jua likishapanda, ni ya kijani. Athmani aliagiza chai, akaponda mchicha, na meza yake ikawa na majagi matatu. Nimekaa juu ya maji hayo nusu ya umri wangu, na ilibidi yamwagwe ndipo niyaone. Mtungi wangu ungenipa jibu moja tu, la gatini.

Tukaanza kuning'iniza chambo ndani ya majagi, kimoja kimoja, dhidi ya mwanga wa mlango. Wanunuzi wa kanga walikuja kuchungulia na kutoa rai zao. Katika maji ya udongo cheupe changu kilipotea mara moja, lakini uzi mweusi wa kushonea mabuibui ulibaki ukionekana kama kivuli. Katika chai, uzi wa dhahabu wa nguo za harusi ndio uliowaka. Na katika kijani kile chambo changu cha zamani kilionekana vizuri kabisa, nami nikakionea fahari.

Jioni tulikwenda ufuoni Mbaraki kujaribu mwendo wa chambo majini. Athmani alikuwa amefunga kibati cha shaba kwenye kile cheusi, kitetemeke.

"Maji mazito, vuta polepole," akasema. "Samaki yuwasikia kabla ya kuona. Ukikikimbiza, hakipati."

Nilipoaga, Bi Mwanaisha aliujaza tena mtungi wangu, akaniombea dua.

Jumamosi, Naivasha. Wageni walikuwa mke na mume, na mwenye hoteli amesimama gatini. Tulianza mdomo wa mto na chambo cheusi, polepole, na hatukupata kitu. Kabla ya kusogea kwenye mafunjo niliinama, nikatazama maji, nikamfungia yule mgeni wa kike chambo cha uzi wa dhahabu. Mara ya tatu kurusha, fimbo yake ya kuvulia ikapinda, samaki wa kwanza. Mumewe akapata wa pili. Jua lilipopanda tukaenda katikati, na cheupe changu kikaleta wa tatu.

Tuliporudi gatini, mwenye hoteli alichungulia ndani ya wavu. "Wiki ijayo kuna wengine wanne," akasema. "Uwachukue wewe."

Nilimpigia Athmani, akampa mama yake simu. Bi Mwanaisha alimshukuru Mungu, akaniulizia watu wa nyumbani, kisha akasema, "Na maji yale nilokutilia siku ya kwanza, yalikufaa?"

"Yalinifaa sana, Mama," nikamjibu, na sikumdanganya.