Waliofika Kabla Yetu

Kabla hujacheka, nikuambie kabisa: siku ile sikuwa na homa, pombe siigusi, na ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka hadi mawe yanauma mguu. Tena sikuwa peke yangu. Saidi, aliyeendesha pikipiki, yupo Kasongo hadi leo. Mfuate sokoni umuulize. Atakufukuza, maana hapendi kuulizwa, lakini hatakuambia kwamba ni uongo.

Nianze na kazi yangu, kwa sababu bila hiyo hutaelewa kwa nini nilifanya ujinga ule. Mimi ni mtu wa kompyuta. Nina paneli mbili za jua juu ya bati, na mtandao unaokuja ukipenda. Nashirikiana na watu wa mbali, ambao sijawahi kuona sura zao, kutengeneza kompaila, yaani programu inayochukua maneno aliyoandika mtu na kuyageuza kuwa amri za mashine. Ndani yake kila programu huchorwa kama ramani: visanduku vya amri, na mishale ya kutoka kisanduku kimoja kwenda kingine. Mwisho wa kisanduku kuna amri ya kuruka. Kama jambo fulani ni kweli, ruka kule. Kama si kweli, ruka huku. Wenzangu wanapenda mpira. Mimi napenda mishale ile, naweza kuisogeza kutwa nzima nikasahau kula!

Miezi hiyo nilikuwa naandika sehemu ya kufuta visanduku vitupu. Kuna visanduku ambavyo ndani hamna kitu: unaingia, unaruka, unatoka. Vya nini? Nilikuwa navifuta, mshale naunyoosha moja kwa moja hadi mbele, na programu inakimbia. Nilijiona mjanja kweli. Halafu mama mmoja wa mradi wetu akanikatalia kazi. Aliandika kwamba vingine havifutiki hata kama ni vitupu, kwa sababu kisanduku cha mbele kinauliza umepitia wapi, ndipo kichague cha kukupa. Ukikosa jibu, utapewa takataka. Sikumwelewa. Nilimjibu kwa hasira, nikafunga kompyuta.

Kesho yake asubuhi simu ikalia. Alikuwa muuguzi wa kituo kimoja cha afya, mbele kidogo ya Kabambare. Yaya Zaina, dada yangu mkubwa, ameumwa na nyoka kwenye shamba la karanga, mguu umevimba hadi gotini, na pale hawana dawa. Tafuta Kasongo, ulete leo, kesho usijisumbue.

Elewa, yaya Zaina si dada tu kwangu. Mama yetu alipofariki nilikuwa na miaka sita, na yeye ndiye aliyenilea, akiuza sombe, majani ya muhogo, nisome. Hii mikono inayoandika kompaila imelishwa na yeye. Nilizunguka mji mzima kama kichaa, nikapata chupa mbili, nikaziweka kwenye termosi yenye barafu. Mwenye duka la dawa aliniambia zikipata joto zimeharibika. Saa tatu nilikuwa nyuma ya Saidi, mtu mwenye ndevu za mvi anayeijua njia ile kuliko nyumba yake, termosi nimeibana kifuani.

Tulikwenda vizuri hadi mahali ambapo njia inagawanyika. Kushoto ni njia ya zamani ya wachimbaji, siku hizi haina watu. Kulia ndiyo njia ya kila mtu, na hatua chache ndani yake kuna lundo la majani linalofika kiunoni. Njia hizo mbili hukutana tena mbele, kabla ya mto. Kila msafiri anayeshika kulia husimama kwenye lundo, huzima mota, huchuma jani, hulitupa pale na kutaja jina lake na anakokwenda. Basi. Hakuna aliyezikwa pale, hakuna anayedai kitu, na ukiuliza maana yake kila mtu ana habari yake. Saidi akaanza kupunguza mwendo.

"Usisimame!" nikamwambia.

"Injenieri, hapa tunasimamaka."

"Yaya iko anakufa, Saidi! Ile majani inafanyaka nini? Hakuna kitu inafanya. Pita!"

Na nikacheka, unaamini? Dada yangu anapigania roho yake na mimi nacheka, kwa sababu nilikiona pale kisanduku kitupu, kile kile nilichokuwa nakifuta, na sasa nakifuta hata barabarani. Saidi akanung'unika, akakaza gesi. Tukapita.

Karibu na daraja la miti kulikuwa na barieri, mwanzi mrefu umelazwa katikati ya njia. Aliyeilinda alikuwa mama wa umri kama wangu, amevaa jezi nyekundu ya mpira na kandambili za kijani, anatafuna muwa. Alikuwa ameuma mara moja tu, nakumbuka alama ya meno. Mapajani alikuwa na daftari la shule.

"Mumepita wapi?" akauliza.

"Tunatoka Kasongo, mama. Tuko na mugonjwa, tufungulie."

"Sikuuliza kwenye munatoka. Mumepita wapi?"

"Si njia hii hii!"

Akafunua daftari, akafuata mistari kwa kidole, akatikisa kichwa. "Haiko," akasema. "Basi mupite vile vile." Akainua mwanzi bila kuomba hata senti. Barieri ya kwetu isiyoomba hela! Hapo hapo ningeruka chini nikimbie, lakini mimi nilishukuru Mungu tu.

Tukavuka daraja, tukapanda kilima, tukateremka. Na mbele yetu njia inagawanyika. Kushoto ya wachimbaji, kulia lundo la majani.

Saidi alisimamisha pikipiki katikati ya njia. Nilimwambia umezunguka, Saidi, umepotea kama mgeni. Akaniuliza ataizungukaje njia isiyo na kona. Nikavua kitambaa changu cha shingo, chekundu, nikakifunga kwenye mti pale njia panda. Programu inapozunguka bila mwisho ndivyo tunavyofanya: unaweka alama, uone kama unarudi pale pale. Na unadhani tulisimama kwenye lundo? Hatukusimama! Nilimpigia kelele apite, nikisema dakika ni zangu.

Kwenye barieri, mama yule yule. Muwa ule ule, umeumwa mara moja, meno yale yale. Akauliza kwa sauti ile ile, nami nikajikuta najibu maneno yale yale, kama kinywa si changu. Haiko. Basi mupite vile vile. Daraja, kilima, mteremko.

Kitambaa changu chekundu kilikuwa kinapepea pale mtini.

Saidi akashuka, akakaa chini na kulia, mtu mzima mwenye ndevu za mvi. Niliogopa kulia kwake kuliko barieri. Nikafungua termosi: barafu ilibaki vipande viwili vidogo kama karanga.

"Tushike ya wachimbaji," Saidi akasema. "Hii ya kuume imetukatala."

Na mimi nilikuwa nimeshasema sawa. Nilikuwa nimeshapanda. Sijui nini kilinifanya nitazame chini, kwenye vumbi, nikaona alama za tairi letu, zimepita kulia mara mbili, na pembeni lundo. Nikaruka chini. Nikaokota kijiti nikachora: kisanduku cha njia panda, mishale miwili, kushoto kisanduku, kulia kisanduku, yote miwili inashuka hadi kisanduku kimoja, barieri. Nimechora mchoro ule mara elfu maishani mwangu! Nikafuta kisanduku cha kulia kwa kidole, nikanyoosha mshale. Halafu nikauliza swali la yule mama mlinzi: mumepita wapi? Mshale wangu haukuwa na jibu. Haukupita kushoto, haukupita kwenye lundo, umefika tu.

Nilipiga kelele. Si ya hofu, ya furaha! Yule mama wa mradi alikuwa sahihi! Lundo halina kazi yoyote ndani yake. Kazi yake ni kwamba umelipitia, na kuna mtu mbele anayetaka kujua.

"Saidi! Zima mota! Chuma jani!"

"Sasa unasema tusimame?"

"Mi ni mujinga, Saidi, utanitukana kesho. Chuma jani!"

Alizima. Ukimya wa pale, ndugu yangu, sijausikia mahali pengine. Tukatupa majani yetu, Saidi akataja jina lake na Kabambare, mimi nikataja langu na nikasema naenda kwa yaya Zaina. Haikuchukua dakika moja. Dakika moja niliyomnyima yaya mara mbili!

Kwenye barieri muwa ulikuwa umekwisha, maganda yamejaa miguuni pa yule mama.

"Mumepita wapi?"

"Kwa majani," nikasema, na sauti ilikuwa yangu.

Akafunua daftari, na mara hii akaligeuza nilione. Naapa nilisoma kwa macho yangu haya. Jina langu juu, chini yake mistari miwili, wino bado mbichi. Wa kwanza: kwa majani, atamkuta. Wa pili: kwa wachimbaji, atamzika. Hakukuwa na mstari wa tatu. Akaukata ule wa pili kwa kalamu, taratibu, akainua mwanzi.

"Mukimbie," akasema. "Wenzenu wamekwisha kutangulia."

"Wenzetu gani?" nikauliza, lakini Saidi alikuwa ameshakaza gesi, na mimi sikugeuka nyuma. Wewe ungegeuka?

Baada ya kilima kulikuwa na kijiji, mbuzi, watoto wanapiga kelele. Nilitaka kuwakumbatia hao mbuzi. Jua lilikuwa bado halijazama tulipofika kwenye kituo. Muuguzi alitoka mlangoni, akatuona, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mumerudi tena?" akasema.

Sikumjali. Nilimpa termosi, maji yake bado baridi, akachoma dawa. Nilikaa chini nimeushika mkono wa yaya Zaina hadi uvimbe ulipoanza kupungua na yeye akaanza kunitukana kwa kuwa sijanyoa. Hapo nikajua amepona. Nililia kama mtoto, siwezi kukuficha.

Siku ya tatu, alipoweza kukaa, aliniambia yaliyobaki.

"Ulifika mara mbili mbele ya kuleta dawa," akasema. "Wewe na yule wa pikipiki, na termosi. Ukaingia, ukatazama wagonjwa wote kwa uso, mumoja mumoja. Mi nikakuita jina. Ukaniangalia, ukapita. Haukunijua, mudogo wangu."

Nikamwambia ni homa ya sumu. Akanyoosha kidole kwenye kitanda cha pembeni. Pale alikuwa amelala mkulima mmoja aliyevunjika mguu, mtu mwenye akili zake timamu. Mara ya pili, alisema yaya, mimi nilifungua termosi kando ya kitanda kile, nikampa yule baba chupa, naye akainywa kwa adabu, kwa sababu nilionekana mtu wa kuaminika. Asubuhi mkewe alipoleta ugali, yule baba alimuuliza wewe ni nani. Muuguzi alikuwepo, aliona yote, ndiyo maana alirudi nyuma aliponiona.

Mguu wa mkulima yule umepona. Mkewe hadi leo anamwambia jina lake kila asubuhi. Mimi nimekwenda kuomba msamaha kwao mara nyingi, na yule mama ananipokea vizuri, ananipa kiti, lakini yeye hukaa kati yangu na mumewe.

Kwenye mradi nilimwandikia yule mama wa mbali kwamba alikuwa sahihi, na kisanduku kile nimekiacha. Akafurahi, akaniuliza niligunduaje. Ningemwambia nini? Saidi alinyoa ndevu zake zote, za miaka mingi, ili wanawe wamtofautishe na yule mwingine. Anapita njia ile bado, na kwenye lundo husimama muda mrefu kuliko mtu yeyote.

Kwa sababu wale waliotutangulia hawajaondoka. Binamu yangu alinisalimu kule mjini Salamabila, katikati ya watu, sikumwitikia. Siku hiyo mimi nilikuwa Kasongo msibani. Mvuvi mmoja wa Nyangwe aliniona nimesimama karibu na mitumbwi, nikiuliza kama kuna mgonjwa. Walitumwa na mimi, kwa haraka yangu, na hawajui walitumwa kwa nani.

Basi sikiliza vizuri. Ukifika mahali ambapo watu husimama bila sababu unayoiona, simama, hata kama moyo unakuunguza. Na akija kwako mtu mwenye sura yangu, mpole, termosi mkononi, akakuuliza nani anaumwa hapa, mwambie hapa wote wazima. Mwambie hivyo hata kama mama yako amelala chumbani na unamsikia anakohoa.