Aliyeigusa Kompyuta ya Mbele

Asubuhi ya mwisho nilivunja kikombe chake, nikasema ni paka. Mke wangu akanywea chai kwenye bilauri, amesimama, mkoba begani.

"Kaa basi, mama. Kiti hakiumi."

"Nikikaa, nani atawafungulia mlango?"

Mlango wenyewe ni kompyuta. Alizitunza kompyuta za hospitali miaka ishirini na miwili. Moja inakaa mbele. Daktari akitaka majibu ya damu, ombi linafika kwa hiyo ya mbele, nayo inalipeleka nyuma, kwenye kompyuta ya maabara. La dawa, inalipeleka famasia. Jibu linarudi njia ileile. Mimi sikusoma, ila alinielewesha: "Wageni wanakupigia hodi wewe, chai inatoka kwangu. Basi wewe ndiye wa mbele."

Ombi lipi liende wapi, aliyeandika ni yeye. Akibadilisha hata mstari mmoja, anaweka nakala ya zamani, anaujaribu mpya, ndipo anauwasha. Siku zote.

Siku hiyo ya kikombe, Jumatatu, alianguka kazini, hakuamka. Jumanne tukazika.

Alhamisi maombi ya maabara yakawa yanaishia famasia. Asubuhi nzima madaktari hawakupata majibu. Mkuu wa kitengo cha kompyuta akasimama mbele ya wote, akasema: "Ni kazi ya yule bibi. Alishachoka."

Binti aliyekuwa msaidizi wa mke wangu alikuja kwangu analia.

"Iliguswa lini, mwanangu?"

"Jumatano saa nne usiku, baba. Kompyuta inaandika kila anayeingia. Ni mkuu mwenyewe. Aliongeza ofisi mpya, hakujaribu. Nimerudisha nakala ya mama, ikapona."

Jumatano saa nne mke wangu alikuwa chini ya udongo.

Nikaenda kwa mkuu. Akanivutia kiti. Sikukaa.

"Mzee, yaishe. Marehemu hasemwi."

"Umemsema wewe."

"Basi nitakuandikia barua."

"Sijui kusoma. Sema. Mbele ya walewale."

Akawaita. Akasema ni yeye, macho kwenye viatu. Nikatoka bila kuaga. Hasira haijaisha, na sitaki iishe.

Nyumbani paka alikuwa amelala kwenye kiti cha marehemu. Asubuhi ile, kabla hajatoka, mke wangu alimtazama huyo paka, akanitazama mimi, akasema:

"Kuvunja si kosa, mzee. Kosa ni kumsingizia paka."