Hatua Tisa Kutoka Mlangoni

Chekechea nzima ilimwita Bibi Shii, kwa kuwa ndilo neno lake la kwanza asubuhi na la mwisho mchana. Alikuwa msaidizi katika darasa langu, mwaka wake wa kumi na tisa kazini. Alikuwa na mdomo, tusidanganyane. Kiti kikikaa upande, ungemsikia: "Hapa ni darasani au gulioni?"

Lakini ndiye aliyemfundisha binti mmoja asiyeona kutembea peke yake darasani. Mwezi mzima, kila asubuhi: hatua tisa kutoka mlangoni, gusa kabati, geuka kushoto, hatua tatu, keti. Mtoto wa miaka mitano akawa anaingia kama mwenye nyumba.

Ikaja barua. Mkaguzi angekuja Jumatatu kumwona binti. Akishindwa kufika mahali pake bila kushikwa mkono, angehamishiwa shule ya bweni ya wasioona, safari ya kutwa nzima. Mama yake aliposomewa, alikaa pale pale kwenye ngazi.

Jumatatu mkaguzi alisimama ubaoni na fomu yake. "Mtu asimguse, asimsemeshe," alisema. Bibi Shii akarudi ukutani, mikono nyuma. Mama alikuwa dirishani.

Binti akaingia. Moja, mbili, tatu. Hatua ya sita akajigonga goti kwenye meza. Akapapasa, akazunguka, akagonga kiti. Kalamu ya mkaguzi ikaanza kuandika. Nami, mwalimu mzima, niliitazama tu ikikimbia.

Binti akasimama katikati, mikono mbele. Hakulia. "Bibi," aliuliza, "nani amehamisha darasa?"

Ijumaa iliyopita, sisi wengine tulipokwenda nyumbani, Bibi Shii alibaki kupiga deki na kupanga meza upya, mistari imenyooka, mgeni asije akatucheka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tulimwambia. Asubuhi ile ya Jumatatu mimi mwenyewe nilimsifu kwa usafi. Sasa angeweza kujifanya hamnazo. Alibakiza miezi miwili astaafu.

"Ni mimi, mjukuu wangu," alisema Bibi Shii, akitoka ukutani. "Nilikumbuka wageni, nikakusahau wewe."

"Nilisema asisemeshwe!" mkaguzi alifoka.

"Basi niandike mimi! Huyu hajakosea hata hatua moja. Sisi ndio tuliokosea."

Mkaguzi alitutazama mmoja mmoja. Alipofika kwangu niliangalia sakafu kwa aibu. Iling'aa kweli.

"Rudisheni meza zilivyokuwa," akasema, akifunika kalamu. "Nasubiri nje."

Tulizikokota, watoto na wakubwa, kwa kelele za ajabu, na hakuna aliyesema shii. Mkaguzi akarudi ubaoni na fomu yake. Binti akatoka, akaingia upya. Saba, nane, tisa, kabati. Kushoto. Moja, mbili, tatu. Akavuta kiti chake, akaketi.

"Bibi," akasema, darasa zima likisikia, "usirudie tena."

"Sirudii, mama," alisema Bibi Shii, akajifuta macho kwa kitambaa cha ubao.