Kipimo cha Wanaume Mia Sita

Ofisini walimwita Bi Penseli, kwa sababu penseli nyekundu haikubanduka sikioni mwake hata akiwa anakula. Kazi yake katika shirika la reli ilikuwa kusahihisha mtihani wa saikolojia. Kila aliyetaka kupanda cheo alipitia hicho walichokiita Kipimo cha Ukomavu: visa kumi vifupi, na chini ya kila kisa swali moja tu, "Ungefanyaje?" Majibu yalimfikia katika chumba cha mwisho wa ujia, chenye dirisha moja lililotazama ukuta wa bohari, naye aliyapa alama moja hadi nne kwa kufuata kitabu cha mwongozo.

Kimojawapo kilikuwa kisa cha mfanyakazi aliyesinzia zamuni. Aliyejibu "Namripoti, kanuni ni kanuni" alipata nne. Aliyejibu "Kwanza namwamsha, nimuulize ana nini" alipata mbili, na mwongozo ulieleza sababu: huyu anatawaliwa na mahusiano, hajakomaa.

Bi Penseli mwenyewe aliwahi kupata mbili-mbili hizo. Miaka tisa nyuma, kabla hajahamishiwa chumba kile, aliomba usimamizi wa kitengo cha tiketi. Karatasi ikarudi na neno moja: hajakomaa. Mumewe, fundi bomba mwenye mizaha, alicheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe nimeoa mtoto!" Mke akacheka naye. Lakini tangu hapo, hata akibadili nia dukani juu ya sufuria, alijiuliza: hivi ni kweli sijakomaa?

Siku moja jalada la mwongozo likang'oka. Alipoligundisha, aliona ukurasa uliokuwa umegandamana nalo miaka yote. Maandishi yalikuwa madogo kama chawa. Kipimo kiliundwa kwa majibu ya wanaume mia sita na kumi na wawili. Majibu ya wanawake yaliwekwa kando, "kwa kuwa yalivuruga mpangilio wa matokeo."

Alisoma mara tatu. Wauza tiketi, makarani, wafagiaji wa mabehewa, wanawake wote hao aliwapa mbili kwa mkono wake.

Akampelekea kitabu Daktari, mkuu wa idara, mwanasaikolojia mpole asiyepandisha sauti.

"Samahani, Daktari. Kwenye kipimo hiki sisi hatumo."

"Sisi nani?"

"Wanawake. Tunavishwa nguo iliyokatiwa mtu mwingine, ikitubana tunaambiwa mwili ndio mbovu."

Daktari akatabasamu. "Wewe ulipata ngapi vile?"

"Mbili-mbili."

"Basi ndiyo maana. Namba hazina jinsia, Bi Penseli."

"Lakini Daktari..."

"Unaona? Tayari hisia zimeshapanda."

Akafunga kitabu, akaondoka. Mwisho wa mwaka aliletewa tathmini yake atie saini. Daktari alikuwa ameandika: "Hana msimamo. Huacha hoja yake akikatizwa."

Mwaka uliofuata nafasi ile ya usimamizi wa kitengo cha tiketi ikatangazwa tena. Visa vya mtihani vilikuwa vipya, mizani ilikuwa ileile. Bi Penseli akaamua kukipa kipimo majibu kiliyotaka kuyasikia. Namripoti. Namsimamisha kazi. Kanuni ni kanuni. Mkono uliandika kama wa kuazima. Daktari mwenyewe ndiye aliyemsahihishia: alipata thelathini na tisa kati ya arobaini, hakuna aliyemfikia.

Kwenye usaili walikuwa watatu mezani. Daktari ndiye aliyesema.

"Alama nzuri ajabu. Nzuri mno, kwa kweli. Wajumbe wana wasiwasi: mwanamke mkavu namna hii ataishi vipi na watu?"

"Nikiwa laini sijakomaa. Nikiwa mkavu sifai. Mnataka niwe nani, wakubwa zangu?"

Mmoja akatazama saa. Cheo akapewa mwanamume aliyepata thelathini na moja.

Safari hii mumewe hakucheka. Alizima redio, akamsogezea kiti.

"Acha kazi, mama."

"Niende wapi? Kila shirika nililouliza lina kitabu hichohicho."

Fundi bomba akaenda jikoni kumchemshia chai. Ikafurika, naye akasimama akiitazama tu.

Jumatatu bahasha mpya ikawa mezani. Jibu la kwanza lilikuwa la mwanamke wa karakana: kabla ya kuamua angewasikiliza wote wanaohusika. Bi Penseli akachomoa penseli sikioni. Angempa nne, Daktari angelirudisha, alikwisha kujaribu. Akaandika mbili. Kisha akafungua daftari lake mwenyewe, akalinakili jibu lote, neno kwa neno, bila alama.

Sasa yuko kwenye daftari la tatu. Huyafungia kabatini, chini ya karatasi za ripoti, na bado hajampata wa kumpa ayasome.