Neno "libre" lilivyomtisha mama

Vijana wa programu libre, yaani "huru" kwa Kifaransa, wanafundisha kompyuta karibu na soko la Kasongo. Hawaulizi diploma, ndiyo maana nami nilikuwemo siku mama mmoja alipoingia na kumshika binti yake mkono.

"Toka! Mutoto wangu hatakuwa mwanamuke libre, wa kila mwanaume!"

"Hapana, mama," mwalimu alisema. "Ni programu ndiyo iko libre. Kila mutu anaweza kuifungua, kuitengeneza, kumupatia jirani."

Tulicheka. Binti alikuwa karibu kulia.

Mama alifikiri. "Kama mbegu ya muhogo? Jirani anakukatia, unapanda?"

"Ni vile, mama."

Akamwachia binti mkono. "Basi mungesema muhogo!"

Vijana hawa wanazidi kuongezeka, nami niko upande wao. Ila wakifika vijijini kama Wamaza, waanze na muhogo.