Picha ya Gobori

Mwadini wa mji wa Stafford, Marekani, dereva wa lori na mtu wa haya, alikuwa na binti mmoja tu, Nuha. Nuha alipopata kazi ya uuguzi huko Euless, mji mwingine, alimvuta babake mpaka kwenye ngome ya kale ambako wageni hufundishwa kupiga gobori, bunduki ya zamani ya kushindiliwa baruti mdomoni. Risasi haimo, ni baruti tupu. Hupiga wawili wawili: mmoja hushindilia, mwenzake hufyatua, kisha hupigwa picha pamoja.

"Njoo ushindilie, Baba," Nuha alisema. "Nataka picha yetu kabla sijahama."

Mwadini alisita. Ombi lake la uraia lilikuwa bado halijajibiwa, naye alijiuliza moyoni: Mwislamu, na ndevu hizi, bunduki mkononi, na picha izagae kwenye simu za watu?

"Mkono unaniuma, mwanangu. Siku nyingine."

"Mkono huo huo uliomaliza sinia la pilau jana?" Nuha alicheka, lakini uso ulimshuka. Mzee mmoja Mmarekani, mweusi kama wao, akajitolea kushindilia badala yake.

Uraia ulikuja, na hakuna aliyemuuliza habari za bunduki. Mwadini alipokwenda Euless kumtazama bintiye, aliikuta picha ukutani: Nuha na yule mzee, masizi usoni, wanacheka.

"Twende tena, mwanangu. Sasa nitashindilia."

"Tutaona, Baba," Nuha alimjibu kwa upole. "Marafiki zangu wakija hudhani huyo ndiye wewe. Nimechoka kuwasahihisha."